Matairi makuukuu yageuka vyungu vya maua Dandora

Na MWANDISHI WETU

UKIABIRI matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Dandora, pua yako hufika kabla ya miguu. Utingo hajatangaza steji na tayari upepo umekwisha kukuletea uvundo wa jaa la taka ambalo limeutia doa mtaa huo kwa karibu nusu karne.

Ndiyo maana mgeni anayeingizwa kwa mara ya kwanza katika baadhi ya korti za mtaa huo hubaki ameduwaa. Alitarajia matope na lundo la taka. Badala yake anakutana na tairi kuukuu lililokatwa meno meno, likapinduliwa ndani nje, likapakwa rangi ya manjano na kujazwa udongo. Ndani yake umechipuka mshubiri. Kando kuna tairi jingine la samawati, na jingine jekundu, yote yamepangwa mstari mmoja kama wanafunzi gwarideni.

Ardhi ya katikati imefagiliwa. Kuna nyasi, si nyingi, lakini ni nyasi. Kuna viti vya mbao. Watoto wanacheza, na mama anayefua nguo mlangoni hana haja ya kuinua shingo kila dakika kuhakikisha kwamba wake bado yupo.

Msomaji asidhani kwamba korti tunayoizungumzia ni ile ya hakimu, pingu na faini. Dandora, korti ni uwanja mdogo uliozungukwa na ploti kadhaa, milango ya nyumba ikiutazama. Watu hujitambulisha kwa korti zao kama vile wa mashambani wanavyojitambulisha kwa vijiji. Na ni katika viwanja hivyo, wala si kwenye barabara kuu wanakopita wakubwa, ambako kwa zaidi ya miaka 10 vijana wa kujitolea wamekuwa wakipigana vita na takataka.

Ploti 6,000

Tofauti na jirani yake Korogocho, Dandora ilichorwa kwenye karatasi kabla ya mtu kuhamia. Mnamo 1975, serikali ya Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia ziliafikiana kuanzisha mradi wa ploti 6,000 kwa ajili ya watu wa mapato ya chini, yaani wale ambao wakati huo walikuwa wakipata kati ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi.

Mtu hakupewa nyumba kamili. Alipewa kipande cha ardhi kilichofikishiwa maji na bomba la maji taka, kikajengewa choo na bafu, kisha akaachiwa amalizie vyumba kwa mkopo na kwa jasho lake mwenyewe. Kwa siku zile ulikuwa mpango wa kusifika, na wageni kutoka nchi nyingine walikuja kuutazama.

Ploti ilikuwa na namba, ilikuwa na karatasi, na ilikuwa na mtu wa kuulizwa. Uwanja wa korti haukuwa na hayo yote. Ulikuwa wa baraza, na kila mtu anajua hali ya kitu ambacho ni cha wote. Nyumba ambazo zilikusudiwa kuwa na vyumba vichache ziliongezwa ghorofa moja baada ya nyingine, wapangaji wakajaa, na kila familia ikawa na karai lake la maji machafu na mfuko wake wa taka wa kutafutia mahali.

Kufikia miaka ya tisini, gari la baraza la kuzoa taka lilikuwa kitu cha kusimuliwa katika mitaa mingi ya Eastlands. Watu walimwaga uwanjani. Mitaro ikaziba, mvua ikaleta kinamasi, na penye giza pakawa maskani ya waliovizia mishahara ya wenzao.

Pale ambapo takataka hazikutosha kuuziba uwanja, wanyakuzi walimalizia. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kinagaubaga jinsi ardhi ya umma kote nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria, vikiwemo viwanja vya kuchezea watoto. Mkazi wa Eastlands hakuhitaji ripoti kuambiwa. Alikuwa ameamka asubuhi akakuta mabati yamezungushwa pale alipokuwa akianika nguo.

Jina la Dandora likawa la kutisha. Kundi la Kalamashaka lilipoanza kurap kwa Kiswahili na Sheng katika miaka hiyo ya tisini, Wakenya wengi ndipo waliposikia habari za mtaa huo kutoka kwa wenyewe. Lakini kijana wa huko aliyekwenda kutafuta kazi mjini bado alijifunza kusema kwamba anatoka Kariobangi.

Punje ya haradali

Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, kikundi cha vijana kilichojiita Mustard Seed, yaani punje ya haradali, kiliamua kuanza na uwanja uliokuwa mbele ya macho yao. Miongoni mwao alikuwa Charles Gachanga, ambaye baadaye alikuja kujulikana sana kwa kazi hiyo. Hawakungoja mfadhili. Walizoa taka, wakazibua mitaro, wakapaka kuta rangi, wakapanda nyasi na maua.

Hadi hapo hakuna jipya. Nani hajaona vijana wakifagia mtaa siku ya Jumamosi, wakapigwa picha na mwanasiasa aliyevaa glavu mpya, na kufikia Jumatano taka zimerudi palepale? Walichofanya hawa baada ya kupanda maua ndicho cha kutazamwa.

Walikwenda mlango kwa mlango kuwaomba wakazi wa korti yao mchango mdogo wa kila mwezi ili usafi na ulinzi visikatike. Mwenye gari akapata mahali pa kuliegesha usiku likiwa na mtu wa kuliangalia, na mchana vijana wakaliosha kwa malipo. Korti ikaanza kuwa na watu wa kuulizwa, sawa na ploti.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siri ya vyungu vya Dandora, na wengi wanaokuja kuvipiga picha huikosa. Ua lenyewe halimzuii mwizi. Lakini ua lililonyweshewa leo asubuhi linamwambia mwizi kwamba kuna mtu aliyekuwa hapa asubuhi, na atarudi jioni.

Mwaka 2014 wazo hilo liligeuzwa mashindano. Muungano wa vikundi vya vijana wa mtaa, Dandora Transformation League, ulianzisha shindano lililoitwa Changing Faces, maana yake kubadilisha sura. Kikundi kilichagua korti, kikapewa muda, kisha waamuzi wakazunguka kuona nani amefanya nini kwa kidogo alichokuwa nacho. Washindi walipata zawadi.

Anayeifahamu Eastlands anajua kwamba watu wake hawapendi kushindwa na jirani. Korti iliyokuwa ikiwacheka wenzao kwa kuokota matairi ilijikuta ikipeleka mkokoteni kutafuta ya kwake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilohilo, nalo lilijiunga pamoja na mashirika mengine kusaidia kutengeneza barabara ya mfano mtaani humo. Katika miaka iliyofuata shindano lilivuka mipaka ya Dandora na kuingia mitaa mingine ya Nairobi. Mwanamuziki Juliani, ambaye ni mzawa wa Dandora, naye alianzisha kituo cha Dandora HipHop City ambako vijana na watoto hukutana kwa muziki na mafunzo.

Tairi linavyopinduliwa

Kuna msomaji ambaye tayari anawaza tairi lililolala nyuma ya nyumba yake. Kazi si ngumu, ila inahitaji mikono minne.

Chagua tairi la gari dogo, si la lori. Lilaze chini na uchore meno kama ya msumeno kuzunguka ubavu mmoja. Kata kwa kisu kikali ambacho kila mara unakichovya katika maji ya sabuni, kwa sababu mpira mkavu hukishika kisu na hapo ndipo vidole huumia. Usiguse sehemu inayokanyaga barabara, maana ndani yake mna nyaya za chuma. Ukimaliza, mmoja akanyage upande wa chini na mwingine avute upande wa juu, mlipindue hadi ndani kuwe nje. Yale meno hukunjuka na kuonekana kama petali.

Toboa matundu chini. Hili ni jambo ambalo wengi hulipuuza, na madhara yake ni makubwa kuliko mmea kuoza mizizi. Tairi linalokusanya maji ni kitalu cha mbu, hasa wale wa mchana wanaoeneza chikungunya na homa ya dengi. Weka kokoto, kisha kipande cha gunia, kisha udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri. Rangi ya mafuta hudumu kuliko ya maji.

Kuhusu cha kupanda, Nairobi haina ubaguzi. Mshubiri huvumilia kiu na huwa na kazi nyumbani mtu akiungua. Bogenvilia hukubali kipandikizi na haiogopi jua. Jeranimu huchanua upesi na humfurahisha asiyekuwa na subira.

Tairi lenyewe ni bure au karibu na bure. Kariobangi, ambako mafundi wa jua kali hutengeneza magari mchana kutwa, hayakosekani. Ni tairi lilelile ambalo siku ya ghasia huburutwa katikati ya barabara na kuchomwa. Vijana wa Eastlands wamelijua kwa kazi hiyo muda mrefu kabla ya kulijua kwa hii nyingine.

Maadui wa ua mtaani ni watatu: kiu, mbuzi na mpira wa miguu. Mpira una dawa, kwa sababu wachezaji na watunza maua mara nyingi ni watoto walewale. Mbuzi hana dawa. Mbuzi wa Dandora amezoea kula katoni na hawezi kulipita jani bichi bila kulionja. Korti nyingine zimepanda kaiyaba mlangoni, na miiba yake imewafunza mbuzi kadhaa adabu.

Kiu ni shida nyingine kabisa. Januari 2017, maji katika bwawa la Ndakaini yalipopungua, kampuni ya maji ya Nairobi ilianza mgao rasmi, na tangu hapo mkazi wa Eastlands huhesabu siku za mfereji wake kama mtu anavyohesabu siku za mshahara. Katika nyumba ambayo mtungi wa lita 20 lazima ununuliwe, nani atammwagia ua?

Jibu limetoka kwa akina mama. Maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi, hayamwagwi mtaroni tena. Mama Nani hupaza sauti kwamba karai lake liko tayari, na mtoto hutumwa. Maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hayafai, nayo yameua maua mengi kabla watu hawajatambua kosa liko wapi.

Udongo wenye risasi

Hapa lazima tusimame kidogo, hasa kwa ajili ya wazazi.

Korti nyingi zilipofanikiwa na maua, ziliingia katika mboga: sukuma wiki, spinachi, dania na vitunguu katika magunia na mitungi iliyokatwa. Ni jambo jema, kwa kuwa gunia moja likitunzwa hupunguza safari za kwa mama mboga. Shida ni udongo unatoka wapi.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu jaa la Dandora, ambalo wakati huo lilikuwa likipokea takriban tani 2,000 za taka kwa siku. Watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi karibu na jaa walipimwa. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokuwa kikikubalika kimataifa. Asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi karibu mara 10 ya kiwango cha udongo usiochafuliwa.

Risasi ya namna hii haitoki katika bunduki. Ni madini yanayotoka katika betri kuukuu, rangi na vyuma vilivyochomwa, na yakiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo wake. Hayana harufu wala ladha.

Kwa hivyo ule udongo mweusi unaovutia unaochotwa karibu na jaa, hata ukiletwa mlangoni kwa bei ya kutupa, uwe wa maua peke yake. Mboga zitafutiwe udongo wa mbali, na zioshwe kwa maji mengi kabla ya kukatwa. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza na kabla ya kula. Vumbi nalo ni njia ya risasi, na uwanja wenye nyasi hutoa vumbi pungufu kuliko uwanja mtupu. Hiyo ni kazi moja ya nyasi za korti ambayo waliozipanda huenda hawakuifikiria.

Nani alipe?

Turudi kwenye ule mchango wa mwezi, kwa sababu ndio unaoamua korti ipi itabaki na maua na ipi itarudi kuwa jaa dogo.

Chukua mfano wa korti yenye familia 40. Kila moja ikitoa shilingi 100 kwa mwezi, zinapatikana shilingi 4,000. Hizo haziwezi kumlisha kijana mmoja mwenye mke, sembuse kikundi cha watu 10. Kikundi kinachotegemea mchango peke yake huanza kupungua: mmoja anapata kibarua cha ujenzi, mwingine ananunuliwa bodaboda, na fagio linabaki kwa wawili ambao nao wamechoka. Vikundi vilivyodumu ni vile vilivyoongeza kitu kingine juu yake, kama vile kuosha magari, kuzoa taka za ploti kwa malipo, au kuuza miche.

Kisha kuna mvutano wa mpangaji na mwenye nyumba. Wengi wa wanaoishi Dandora ni wapangaji. Korti ikipendeza, nyumba haikosi mtu, na si ajabu kodi ikapanda. Mpangaji aliyetoa mchango wake kwa uaminifu mwaka mzima anajikuta amesaidia kujiongezea kodi, huku mwenye nyumba, ambaye pengine haishi hapo, hajatoa hata kopo la rangi. Malalamiko hayo yana haki. Sioni kwa nini mwenye ploti asiwe wa kwanza kutoa.

Serikali nayo imewahi kuwalipa vijana kwa kazi kama hizi. Mwaka 2009 kulikuwa na Kazi Kwa Vijana. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga vibarua, ukaja mpango wa Kazi Mtaani, ambao katika awamu yake ya pili uliwachukua vijana zaidi ya 283,000 nchini kwa malipo ya shilingi 455 kwa siku. Mwaka 2024 ukaanzishwa Climate WorX, wa kusafisha mito ya Nairobi.

Hakuna anayeweza kubeza shilingi 455 mkononi mwa mtu asiyekuwa na kitu. Shida ya mipango hiyo ni kwamba siku malipo yanapokoma, toroli hurudi stoo. Kijana aliajiriwa kufagia mtaa, na ajira imekwisha. Yule aliyepinda mgongo kupindua tairi lililo mbele ya nyumba ya mamake yuko katika hali tofauti, kwa kuwa yeye hajaajiriwa na mtu wa kumfuta. Lakini naye ana tumbo, na hatungoji aishi kwa sifa.

Wataalamu na jirani

Wapo wanaouliza iwapo haya yote yana faida yoyote zaidi ya kupendeza macho. Kuna jibu kutoka mbali. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyoachwa ukiwa, wakavigawa kwa kura. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa ua mfupi wa mbao, kisha vikawa vikifyekwa mara kwa mara. Vingine viliachwa kama vilivyokuwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa katika vitongoji maskini, visa vya ufyatuaji wa bunduki vilipungua kwa asilimia 29 karibu na viwanja vilivyotengenezwa.

Jibu la karibu liko ng'ambo ya Mto Nairobi, unaoitenga Dandora na Korogocho. Huko, tangu 2017, kikundi cha Komb Green Solutions, ambacho miongoni mwa wanachama wake wamo vijana walioacha uhalifu, kilisafisha ukingo wa mto uliokuwa jaa na maficho, kikapanda miti na kutengeneza bustani ambayo watoto hucheza. Katika pande zote mbili za mto huo kuna akina mama waliozika wana waliouawa kwa risasi, ile ya bunduki, kabla ya kutimiza miaka 25. Ukilijua hilo, hutauliza tena kwa nini mtu mzima anahangaika na ua katika tairi.

Na jaa? Jaa bado lipo. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru kwamba utupaji wa taka hapo ukomeshwe katika muda wa miezi 6, na muda huo ulikwisha malori yakiendelea kuingia. Makorongo bado husimama juu ya vilima vya taka kama wazee wa baraza, na maelfu ya watu bado hupata riziki yao humo kwa kuokota chupa na vyuma. Hakuna idadi ya vyungu vya maua itakayoondoa moshi ule, na vijana wenyewe hawajapata kudai hivyo. Mwenye kuweza kulihamisha jaa si mwenye fagio, naye anajulikana ofisi yake iliko.

Kwa wakati huu, vumbi la malori hutua juu ya majani kila alasiri, na jioni karai la maji ya kusuuzia huliosha.

Mvua za masika huanza Machi. Wiki chache kabla yake ndio wakati wa kukata vipandikizi vya bogenvilia, virefu kama penseli, na kuvichomeka katika pakiti tupu za maziwa zilizojazwa udongo mwepesi. Viwekwe penye kivuli, juu ya ukuta ambao mbuzi hafiki. Korti iliyo na mti mzima haiuzi kipandikizi kwa korti jirani. Huenda mtu akaombwa alete tairi moja.